Ndugu yako akikamatwa: selo ya polisi na gereza la mahabusu

Mdogo wangu alishikiliwa kwanza kituo cha polisi, kisha akapelekwa gereza la mahabusu, yote hapa hapa Dar es Salaam. Tangu wakati ule, mtu akikamatwa mtaani kwetu ndugu zake hunijia, na swali ni lile lile: bora akae wapi?

Kwa maisha ya humo ndani, gerezani kuna nafuu. Selo aliyowekwa ilikuwa sakafu tupu, ndoo ya haja pembeni, mbu usiku kucha. Alikula tulichopeleka sisi. Mama alikuwa akifika kaunta na hotpoti ya wali, askari anamwambia aonje kila kitu mbele yake, wali, mboga, hata maji, ndipo wapokee. Kwa hiyo pangeni zamu ya chakula siku ile ile, mzigo usimwelemee mtu mmoja.

Gerezani alikuta uji asubuhi, ugali na maharage, zahanati, na ua wa kuota jua. Ila wamejaa! Walilala ubavu, mmoja akitaka kugeuka mstari mzima unageuka naye. Milango inafungwa jua bado lipo, mpaka kesho yake. Upele ulimtesa kuliko njaa. Siku ya kwanza ya kumtembelea pelekeni sabuni, mswaki na kandambili. Kama anatumia dawa za kisukari, TB au ARV, waelezeni askari mapema na mwende na cheti cha hospitali, ili zahanati ya gereza iendelee na matibabu bila kukatisha dozi.

Lakini nafuu hiyo isiwafanye mlegee. Akiwa kituoni, dhamana iko karibu. Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kwa makosa mengi polisi wanaweza kumwachia kwa dhamana kabla ya hapo. Dhamana hiyo hailipiwi. Anatakiwa mdhamini anayeaminika, mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Ifuateni barua asubuhi na mapema, achaneni na habari za kumtafuta anayemjua mkubwa fulani. Naumia sana nikiona familia inachanga fedha kwa ajili ya kitu ambacho ni haki yao.

Akishapanda karandinga, gari la mahabusu, kwenda gereza la Keko au la Segerea (wanawake hupelekwa Segerea), neno la dhamana liko kwa hakimu. Asipoipata, kesi inatajwa, mnaambiwa upelelezi haujakamilika, inaahirishwa, mnarudi tena. Na makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana kabisa.

Wapo pia wanaosubiri msamaha wa Rais. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533, na majirani wengi walitarajia vijana wao watoke. Msamaha ule ni wa waliokwisha kuhukumiwa. Mahabusu hajahukumiwa, haumhusu.

Kama hamna fedha za wakili, tafuteni wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na mtu aliye kizuizini ana haki ya kusaidiwa. Mnapokwenda kumwona, kabla ya mazungumzo mengine, mwulizeni namba ya kesi, mahakama na tarehe ya kutajwa, mwandike palepale. Muda wa kuonana ni mfupi, na msaidizi wa kisheria ataanza kwa kuuliza hayo matatu.