Pilates ya mkekani kwa kijana anayeinua vyuma

Ndugu, umeuliza kama Pilates ya mkekani, yaani mazoezi ya utulivu ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, inamfaa kijana wa kiume ambaye tayari anainua vyuma. Inamfaa sana, na hata mwanzilishi wake, Joseph Pilates, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1883, alikuwa mwanamume. Anza na zoezi liitwalo Mia Moja, kwa sababu ya mapigo yake 100: lala chali, inua kichwa, mabega na miguu iliyonyooka, kisha pigapiga mikono juu na chini kandokando ya mwili, ukivuta pumzi kwa mapigo 5 na kuitoa kwa mapigo 5, mara 10. Kiuno kikibinuka kutoka mkekani, ujue misuli ya ndani ya tumbo imeshindwa kuushikilia uti wa mgongo, kwa hiyo kunja magoti badala ya kujilazimisha. Vyuma usiviache, kwani ndivyo vinavyokuza misuli zaidi.