Usiusage mchanga mweusi

Kila nikirudi nyumbani Tanga hakosi kijana wa chuo wa kuniuliza nilianzaje kuichunguza magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, kwa hadubini ya elektroni. Neno langu la kwanza ni moja siku zote: usiisage. Mimi niliisaga, na kazi ya miezi minne ikapotea.

Mali yenyewe iko miguuni petu. Maji yakipwa, tembea ufukwe wa kuelekea Pangani utaona michirizi myeusi juu ya mchanga. Mawimbi yamechukua mchanga mwepesi na kuacha madini mazito: ilmeniti (ya chuma na titani), ganeti, zirikoni, na humo humo magnetiti. Sumaku yangu ya kwanza ilitoka kwenye spika iliyokufa, nilipewa na mjomba, fundi redio wa Ngamiani. “Mjomba, ifunge nailoni kwanza,” akaniambia, “la sivyo chembe hizo hutazibandua mpaka kiama.” Alikuwa na haki. Ukiivua nailoni, chembe zote zinadondoka safi kwenye kifuu.

Ili ujue kwa nini kusaga ni hasara, fikiria machungwa ya Muheza yaliyopangwa sokoni. Machungwa ndiyo atomu za oksijeni, na chuma hukaa katika nafasi zilizobaki katikati yao. Kuna nafasi ndogo zilizozungukwa na machungwa manne, na kubwa zaidi zilizozungukwa na sita. Atomu zikijipanga hivyo kwa utaratibu ndiyo fuwele. Kijisanduku kimoja cha fuwele, chenye upande wa nanometa 0.84 tu (nanometa ni sehemu ya bilioni ya mita), kina oksijeni 32 na chuma 24: 8 katika nafasi ndogo, 16 katika zile kubwa. Chuma cha nafasi ndogo kinaelekeza usumaku wake upande mmoja, cha nafasi kubwa upande wa pili. Kwa kuwa chuma cha nafasi kubwa ni kingi zaidi, kuna usumaku unaobaki, na huo ndio uliozinasa chembe kwenye sumaku ya mjomba.

Sasa, chembe ya asili si fuwele tupu. Magnetiti yenye titani ikipata oksijeni huku ikipoa polepole ardhini, ilmeniti hujitenga ndani yake kama kurasa nyembamba, zikifuata zile tabaka za machungwa. Baadaye hewa na maji vikiishambulia, hematiti, madini mengine ya chuma na oksijeni, nayo huingia kwa njia zile zile. Mpangilio wa kurasa hizo ndio historia ya jiwe.

Mimi nilikuwa nimesikia kwamba kwa hadubini ya kupenyeza, ile ambayo elektroni hupita ndani ya sampuli, sampuli iwe nyembamba chini ya nanometa 100, nikazitia chembe kinuni na kuzifanya unga kama wanja. Fundi wa maabara aliukataa unga ule mkavu. Ndani ya mashine sampuli inakaa katikati ya lenzi yenye nguvu kubwa ya sumaku; chembe inaweza kuruka ikanasa kwenye lenzi, na kuisafisha ni mashine kusimama. Tuliugandisha kwenye gundi ndipo ukaingia. Elektroni zikipita kwenye fuwele huchora nukta zinazoitambulisha; za magnetiti zilionekana, za hematiti pia. Ipi ilikuwa ndani ya ipi? Unga haukuweza kunijibu.

Mara ya pili nilizimwagia chembe nzima gundi ya epoksi, nikazisugua kwa msasa, kisha kwa unga wa almasi wa mikroni 9, 3 na 1, na mwisho kwa unga wa silika laini kabisa. Hatua hii ya mwisho usiiruke. Msasa huvuruga ngozi ya juu ya fuwele, na kipimo kinachosoma mwelekeo wa fuwele, kile kinachotaka sampuli ilazwe nyuzi 70, kinasoma ngozi hiyo tu. Kisha paka kaboni nyembamba ya kupitisha umeme. Dhahabu itaficha unachokitafuta.

Sampuli hiyo hutazamwa kwanza kwa hadubini ya elektroni inayopiga picha ya uso tu. Ukiwa mbele ya skrini yake, ilmeniti utaitambua upesi kwa kuwa ni nyeusi zaidi. Hematiti ndiyo itakayokuchosha: rangi yake ya kijivu inakaribia sana ile ya magnetiti, kwa hiyo usiamini jicho, pima mwelekeo wa fuwele. Picha nayo itachezacheza, maana sampuli yenyewe inapinda elektroni. Rekebisha lenzi kila unapohama sehemu, hata kama foleni ya watu inakusubiri mlangoni.

Ukishapata chembe yenye kurasa, hapo ndipo ukate kipande chembamba kwa miale ya ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) na kukipeleka kwenye hadubini ya kupenyeza. Kipande hicho kimeunganishwa kwenye kishikio chake, hakiruki. Na kabla hujafika huko mwambie fundi wazi kwamba umekuja na kitu cha sumaku. Usimwache agundue mwenyewe.

Nusu ya mchanga wangu wa kwanza sikuugusa. Uko kwenye chupa kwa mama, na karatasi imebandikwa: ufukwe gani, siku gani, kina gani. Chembe nilizozing'arisha mara ya pili zilitoka kwenye chupa hiyo.