Maswali na majibu: Historia ya elimu Kusini mwa Tanzania ianzie wapi?

SWALI: Shuleni kwetu tumepewa kazi ya kuandika historia fupi ya elimu katika eneo letu. Baadhi ya walimu wanataka tuanze na mwaka 1876, wamisionari walipofika Masasi, lakini wazee wa kijiji wanasema watoto walifundishwa jandoni na kwenye chuo cha Kurani muda mrefu kabla ya hapo. Tuanzie wapi ili maandishi yetu yakubalike kitaaluma? Mwalimu wa historia, Newala.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, wazee wenu wanasema kweli. Mwaka 1876 ni mwaka wa kuanzishwa kituo kimoja cha misheni, na mkiufanya kuwa mwanzo wa elimu mtakuwa mmefuta karne kadhaa za ufundishaji. Nawashauri muanze na jando na unyago, mfuatishe chuo cha Kurani, ndipo mje kwenye misheni, na muipe miaka ya 1920 nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida.

Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, jando na unyago vilikuwa na watoto wa rika moja waliokusanywa pamoja, mahali palipotengwa, walimu waliotambuliwa kwa ujuzi wao, na siku ya kutoka mbele ya jamii nzima. Msimu wake ulikuwa baada ya mavuno, wakati maghala yana chakula cha kuwalisha wali, yaani watoto waliokuwa wakifunzwa, na wageni. Somo lilibebwa na wimbo: kungwi huimba fumbo, mwali hutakiwa kulifumbua, akishindwa huelezwa maana yake, kisha huimba na wenzake mpaka aweze kulirudia bila kusaidiwa. Hiyo ni mbinu kamili ya kufundishia, kwa hiyo msiiandike sehemu hii kama aya ya mila inayotangulia historia yenyewe.

Pwani kulikuwa na chuo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wa Waislamu ambao sultani wake alitembelewa na masharifu kutoka Iraki na Hijazi, na ni vigumu kufikiri kwamba mji wa namna hiyo ulikosa watu wa kufundisha watoto kusoma. Katika vyuo vya pwani mwalimu alimwandikia mtoto aya kwenye ubao kwa kalamu ya tete na wino, mtoto akaisoma kwa sauti mpaka ikakaa kichwani, ndipo ubao ukaoshwa na kuandikwa aya nyingine. Hapakuwa na madarasa ya kupanda kila mwaka. Kila mmoja alikwenda kwa kasi yake hadi kuhitimu. Kutoka huko watu walipata pia uwezo wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Wayao waliposilimu kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, chuo kiliingia bara pamoja nao.

Sasa mje kwenye 1876. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, wakapitia Lindi na kuweka makazi Masasi. Naomba jambo hili mlieleze wazi, kwa maana mara nyingi hupotea: sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha ilifanywa na Waafrika. Mfano mzuri kwenu ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akasoma Kiungani, shule ya misheni hiyo huko Zanzibar, akafanya kazi Chitangali na kupewa upadri mwaka 1890. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki kutoka Ujerumani, walifuata, wakafungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vituo hivyo viliharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka 1906 wakaanzisha Ndanda. Serikali ya Kijerumani ilijali zaidi shule za pwani, ambako ilipata makarani na maakida, yaani watawala wadogo wa maeneo.

Shule tunayoijua leo, yenye mtaala wa serikali, mkaguzi na mwalimu mwenye cheti, ilipata umbo chini ya Waingereza. Tume ya Phelps-Stokes, tume ya Kimarekani iliyochunguza elimu ya Waafrika, ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, mkutano wa elimu ukafanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na sheria ya elimu ikatungwa mwaka 1927. Misheni zilianza kupewa ruzuku kwa masharti, na shule nyingi ndogo za vijijini zisizotimiza masharti zilibaki nje ya msaada. Nadhani hapo ndipo ualimu ulipobadilika kuliko wakati mwingine wowote: aliyekuwa akitambuliwa na kijiji au kanisa lake sasa alihitaji kutambuliwa na ofisi ya serikali. Katika kipindi hichohicho Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, aliendeleza jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku, na huo ni ushahidi kwamba elimu ya zamani haikuondoka shule ilipofika.

Baada ya uhuru andikeni kwa ufupi: sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya 1969 iliyoziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na Azimio la Musoma la 1974 lililoleta elimu ya msingi kwa wote (kwa kifupi cha Kiingereza, UPE) na wale tuliowaita walimu wa UPE.

Kuhusu ushahidi, tafuteni kitabu cha kumbukumbu cha shule, rejesta za zamani za wanafunzi na vitabu vya ubatizo vya parokia, kisha mlinganishe tarehe zake na masimulizi ya wazee. Wahojini akina bibi peke yao kuhusu unyago, na mtu wa kuwahoji awe mwalimu wa kike. Yale watakayosema ni ya ndani msiyaandike. Inatosha kueleza nani alifundisha, wapi, na kwa muda gani.