Ushuru sifuri ASEAN: ulizia Fomu D kabla hujalipa advansi

Wadau, hili swali wabongo tulioko huku Malaysia tunaulizana kila leo, hasa wale waliomaliza chuo wakabaki wanapiga biashara ndogondogo: si wanasema ASEAN (umoja wa nchi za Kusini Mashariki mwa Asia) ni soko huria, mbona forodha wamenichaji ushuru? Mimi kazi yangu ni nyaraka za mizigo hapa Port Klang, acha niseme ninavyoona.

Mkataba wenyewe unaitwa ATIGA, ulisainiwa 2009 ukaanza kazi Mei 2010. Na kweli zile nchi sita za mwanzo zilifuta ushuru karibu wote 2010, wenzao Vietnam, Laos, Kambodia na Myanmar wakamalizia taratibu mpaka 2018. Ila sifuri ni ya bidhaa iliyotengenezwa ASEAN, sio iliyopita tu. Ukichukua viatu vya Guangzhou kwenye duka la jumla Bangkok ukavileta Kuala Lumpur, hapo hakuna sifuri, hata risiti iwe ya Thailand.

Ushahidi ni cheti cha uasili, Fomu D. Kinaombwa upande mzigo unakotoka, Thailand ni idara yao ya biashara ya nje, huku ni wizara ya biashara, MITI. Kwa hiyo kabla hujatuma advansi muulize muuzaji kama anatoa Fomu D, na iandikwe kwenye oda. Akikwambia "tutaangalia baadaye" basi piga hesabu yako na ushuru kamili ndani, halafu ndo uone kama bei bado inalipa.

Kwanini wengine hawatoi? Hesabu. Tuseme kiwanda cha Thailand kinauza katoni ya ndoo za plastiki dola 20 FOB (bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini), na punje za plastiki wamezitoa Saudia, zimekula dola 9. Toa 9 kwenye 20 inabaki 11, hiyo ni asilimia 55, wamepita maana thamani ya ndani ya ASEAN inatakiwa isipungue asilimia 40. Punje zikifika dola 14 inabaki asilimia 30, wamefeli, lakini usikate tamaa maana bidhaa nyingi zina njia ya pili, ya HS kodi (namba za forodha za aina ya bidhaa): punje za plastiki ziko 3901 au 3902, ndoo iko 3924, tarakimu nne za mwanzo zimebadilika kwa hiyo ndoo inahesabika ya Thailand. Wauzaji wadogo wengi hii njia hawaijui kabisa, nakwambia mtu anaacha kuomba cheti anachostahili.

Cheti kitolewe meli ikiondoka au ndani ya siku 3. Kikichelewa bado kinatolewa hadi mwaka mmoja, ila lazima kile kiboksi cha kuchelewa kiwe na tiki, na hapa ndo watu wengi wanakwama bandarini wakati stoo inaendelea kuchaji. Njia mzigo unayopita nayo forodha wanaiangalia: mzigo wa Ho Chi Minh ukipitia Hong Kong hakikisha bill of lading (hati ya mzigo ya meli) ni moja kutoka Vietnam mpaka huku na kontena halijafunguliwa.

Mzigo wa chini ya dola 200 FOB hauhitaji fomu, tamko la muuzaji linatosha.

Halafu sifuri ni ya ushuru wa forodha tu jamani, kwa mfano ukiingiza mzigo Thailand, VAT yao ya asilimia 7 iko palepale. Na vyakula vina mambo yake, mchele kwa mfano, Ufilipino sheria yao ya 2019 iliuchaji asilimia 35 hata ukitoka nchi ya ASEAN, 2024 ndo wakashusha mpaka 15.

Na wale mnaotuma Dar au Mombasa, msilipie Fomu D, TRA na KRA hawaitambui, kule mnakutana na ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kama mzigo mwingine wowote wa nje.