Kwa mwalimu mpya wa sheria za jinai chuo cha kati

Wengi wanaokuja kufundisha jinai kwenye vyuo vyetu vya Moshi na Arusha wametoka upande mmoja wa kesi. Wapo mawakili, wapo polisi wastaafu, wapo waliomaliza shahada juzi na bado hawajasimama mahakamani. Polisi mstaafu humzungumzia mshtakiwa kama mhalifu aliyeponyoka, wakili naye humzungumzia askari kama mbambikaji wa kesi. Wanafunzi wanakuamini haraka kuliko unavyofikiri, na msimamo wako wataubeba mpaka kituoni, gerezani au ofisi ya kata. Kwa hiyo nakuomba ufundishe ushahidi, uache kufundisha upande.

Darasani hutakuta vijana wa kidato cha nne peke yao. Yupo mlinzi aliyetoka lindo asubuhi hiyo, yupo mgambo, yupo mtendaji wa kijiji, yupo mama aliyejiandikisha kwa sababu familia yake iko kwenye kesi. Wiki ya kwanza mmoja atauliza: "Mwalimu, mwizi kakamatwa, kwa nini anapewa dhamana?" Usimjibu kwa mkato. Wafungulie Katiba ya 1977, Ibara ya 13(6)(b), inayokataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Kisha waambie warudie swali lile lile bila kutumia neno "mwizi". Hapo mjadala wa kweli ndipo unapoanza, na ukichukua kipindi kizima, uache uchukue.

Utambuzi wa mshtakiwa ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote. Mwombe mwalimu mwenzako aingie darasani jioni, achukue faili mezani, aseme maneno mawili, atoke. Endelea na somo kama kawaida. Baada ya nusu saa waambie kila mmoja aandike alichokiona: shati la rangi gani, alishika faili kwa mkono upi, alisema nini. Soma majibu kwa sauti. Ndipo uwape hukumu ya Mahakama ya Rufani katika kesi ya 1980 ya mtu aitwaye Waziri Amani (Waziri ni jina lake, si cheo), inayotaka ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho upimwe kwa uangalifu mkubwa: shahidi alimwona kwa muda gani, kutoka umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimfahamu kabla au la. Mwanafunzi ambaye dakika chache zilizopita aliapa kuwa shati lilikuwa la bluu ataisoma kila aya. Hukumu kama hizi zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Chapisha nakala chache, maana si kila mwanafunzi ana bando.

Ukitoka hapo, nenda kwenye karatasi. Kesi nyingi huharibika kwenye karatasi kabla hazijafika kwa hakimu. Chukua mfano wa mirungi iliyokamatwa ndani ya basi. Nani aliikamata, nani alishuhudia, hati ya ukamataji mali ilijazwa saa ngapi na wapi, mzigo ulikabidhiwa kwa nani, ulifungwaje, ulifikaje kwa mkemia? Wape fomu tupu waijaze, halafu wabadilishane, kila mmoja awe wakili wa utetezi kwa fomu ya mwenzake. Watagundua wenyewe kwamba saini iliyosahaulika inaweza kumwachia mwenye hatia, na kwamba hati iliyopikwa inaweza kumfunga asiye na hatia. Nataka waogope yote mawili kwa kiwango kile kile.

Tofauti ya jinai na madai ifundishe kwa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga. Huku Kilimanjaro kila mwanafunzi anajua ugomvi wa mpaka, na Desemba watu wakirudi nyumbani ndipo unapowaka. Ndugu amekata migomba ya ndugu yake akisema eneo ni lake. Hilo ni kosa la kuharibu mali, au kwanza ni swali la nani mmiliki? Waache wabishane, wana mengi ya kusema.

Jihadhari na noti za zamani. Toleo la Urekebu la sheria zetu la mwaka 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu vingi zimebadilika, vikiwemo vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Ukirithi noti za mwalimu aliyekutangulia, hakiki kila kifungu. Mwanafunzi anayeelewa kazi ya kifungu hatapotea, aliyekariri namba peke yake atakwama.

Wapeleke mahakama ya mwanzo mapema, muhula ule ule wa kwanza, baada ya chuo kuomba kwa barua. Mkipata usafiri, Arusha ni hazina. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa pale, na tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu bado iko mjini humo. Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Wape wasome kabla ya safari.

Ukifika kwenye makosa ya kujamiiana, tangaza wiki moja kabla na mruhusu anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa sababu. Usimwombe mtu yeyote atoe mfano wa maisha yake. Mtu akikufuata baadaye, msikilize, mwelekeze Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na ukiweza mtafutie wa kumsindikiza.

Watakuja pia na kesi za nyumbani: kaka yuko mahabusu, shangazi kaitwa kituoni. Usijifanye wakili wao kwenye korido. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Tafuta walio karibu na chuo, hifadhi namba zao, na mwanafunzi akija mpe siku hiyo hiyo.