Uliza Kwanza Upepo Unaelekea Wapi

Ndugu mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Umesafiri mbali kwenda kuona majabali ya bahari, umefika, hali ya hewa imegeuka. Utasonga mbele au utarudi?" Jibu langu lilikuwa neno moja, rudi, na barua ingeishia hapo. Lakini hilo neno "utarudi" linanikera kila nikilisoma. Kurudi wapi? Mtu wa Bukavu aliyehangaikia visa kwa miezi, akavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, akapitia Kamembe hadi Kigali, akalipa ndege mpaka Dublin, Ayalandi, mnamwambia aje siku nyingine kana kwamba anakaa Nguba na majabali yako Muhumba, mitaa miwili jirani ya Bukavu? Mwenyeji wa Galway ndiye anayeweza kurudi Jumamosi ijayo. Mgeni ana siku moja, tiketi ya basi ya kwenda na kurudi, na simu iliyojaa ujumbe wa watu wa nyumbani wanaodai picha. Pesa zimeshaenda. Fikra hiyo inawasogeza watu ukingoni kuliko upepo.

Kwa hiyo nitajibu swali lililo pembeni kidogo ya lenu: ukiwa umeshafika, na unajua hutarudi tena, uangalie nini na usimame wapi?

Nachukua Moher, mkoa wa Clare, magharibi mwa Ayalandi, kwa sababu wageni wengi hupelekwa huko. Majabali yanafuata pwani kilomita kama 14. Upande wa kusini, Hag's Head, kimo ni mita 120 hivi; karibu na mnara wa O'Brien, uliojengwa mwaka 1835, yanafika mita 214. Yote yanatazama magharibi. Ukitoa visiwa vya Aran, hakuna kitu cha kuvunja upepo kutoka hapo mpaka Amerika.

Kosa la kwanza ni kusoma kasi ya upepo bila kusoma mwelekeo wake. Mara nyingi pale upepo hutoka kusini-magharibi, yaani unatoka baharini kuja nchi kavu. Huo unakusukuma nyuma, kuelekea kwenye magari. Ukitoka mashariki, unakusukuma kwenye utupu. Kilomita 40 kwa saa kutoka mashariki nazihofia kuliko 60 kutoka baharini, ingawa simu itakuonyesha kwamba siku ya kwanza ni nzuri zaidi.

Kosa la pili ni kusoma wastani tu. Utabiri hutoa namba mbili, wastani na mapigo, yaani upepo unaovuma ghafla kwa nguvu kisha ukakatika, na pigo la upepo ndilo linaloangusha mtu. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Kwa mtu mzima wa kawaida aliyesimama wima, upepo wa kilomita 50 kwa saa humsukuma kwa uzito wa kilo kama 8. Wa kilomita 100 unafika kilo kama 33: ni kama mtu amekuegemeza theluthi mbili za mfuko wa saruji kifuani, ghafla, bila kukuonya. Idara ya hali ya hewa ya Ayalandi, Met Éireann, hutoa tahadhari kwa rangi. Njano ni mapigo ya kilomita 90 hadi 110 kwa saa, rangi ya chungwa ni 110 hadi 130, nyekundu ni zaidi ya hapo. Watu huichukulia njano kama taa ya njano barabarani, "pita haraka". Hesabu kilo zako kwanza. Na hizo rangi si mapambo: tarehe 24 Januari 2025, nchi nzima ikiwa chini ya nyekundu, dhoruba iliyoitwa Éowyn ilipimwa zaidi ya kilomita 180 kwa saa pale Mace Head, kaskazini ya ghuba ya Galway, rekodi ya nchi ile.

Kuna jambo la tatu ambalo hata waongozaji hulipita. Upepo wa baharini unapogonga uso wa jabali hauna pa kwenda, unapanda juu. Ndiyo maana pale Moher siku nyingine matone ya maji hupanda kutoka chini yakakulowesha kidevu. Ukishavuka ukingo unaendelea juu, na nyuma tu ya ukingo hubaki nafasi ambayo hewa imetulia, hata inaweza kuzunguka na kurudi baharini. Mtu anapigana na upepo njia nzima, anafika pale karibu na mwisho, anapata utulivu, anasema "kumbe huku ni salama", anasogea. Na aliyekuwa ameegemea upepo alikuwa ameegemea bahari: pigo likikatika ghafla, mwili unakwenda mbele, upande ule ule asioutaka. Piga magoti, kaa chini, shika ukuta, lakini usiegemee upepo.

Mavazi nayapita haraka. Mwavuli uache hotelini. Lile koti la plastiki la kuvaa kichwani, lililo wazi chini, ni tanga la mtumbwi. Vaa jaketi linalofungwa mpaka shingoni. Kamba zote za mkoba zikazwe. Soli iwe na meno, kwa kuwa mawe bapa ya Liscannor, kijiji cha jirani, waliyotandika njiani, yakilowa, yanateleza kama sabuni, na majani ya kando yake ni mabaya zaidi.

Ukungu ni somo la peke yake. Ukikuta jabali limevaa wingu kama mlima wetu Kahuzi unavyolivaa asubuhi, usikimbilie kuilaani mvua. Tofautisha. Kama kuna manyunyu madogo yasiyokwisha, hewa ni ya uvuguvugu na upepo ni wa kusini-magharibi, hewa hiyo yenye unyevu inapanda jabalini na kuwa wingu, na inaweza kukaa saa nyingi. Hapo kunywa chai. Lakini mvua ikimwagika kwa nguvu, kisha upepo ukageuka kuwa wa kaskazini-magharibi na baridi ikazidi, hiyo ni habari njema: mvua itakuja vipande vipande, na kati ya kipande na kipande hewa itakuwa safi kuliko siku yote. Aliyesubiri saa moja ndani ataona visiwa vya Aran kama amevichora mwenyewe. Aliyepanda basi kwa hasira atasimulia ukungu.

Sasa nije kwenye ukingo, kwa sababu hapo sisi wa Bukavu hatuhitaji kufundishwa. Aliyepita barabara ya mlimani ya Ngomo siku ya ukungu, lori la Fuso likiwa limelalia upande wa mlima na konvayeri, msaidizi wa dereva, akichungulia tairi la nje, anajua ukingo ni nini. Na aliyeona ardhi ya Funu, kule Kadutu kwetu Bukavu, inavyotembea anajua kwamba ukingo si mstari uliochorwa. Unasogea. Alama yake ni ufa unaokwenda sambamba na mteremko, hatua mbili tatu nyuma ya mwisho, mwembamba kama uzi, wakati mwingine umefunikwa na majani. Kila kilicho mbele ya ule ufa si mali ya mlima tena. Mama yeyote wa Kadutu akiuona nyuma ya jiko lake anahamisha watoto wasilale upande ule. Lakini mtu huyo huyo, ukimpeleka Ulaya, anauvuka ufa wa namna ile apige picha, kwa kuwa anadhani mwamba wa wazungu umekaguliwa.

Moher imejengwa kwa tabaka: mchanga uliogeuka jiwe, juu ya matope yaliyogeuka jiwe laini, tena na tena. Laini inaliwa kwanza, ngumu inabaki ikining'inia. Kutoka juu huoni kwamba chini yako hakuna kitu. Unaona majani mabichi yanaendelea vizuri hadi mwisho. Ndiyo sababu zimesimamishwa kuta zile za mawe bapa, na ndiyo sababu ajali zinapotokea maswali huanzia kwenye sehemu zisizo na kuta. Mwaka 2024, baada ya watu kufa, sehemu za njia ya miguu ya kule zilifungwa.

Na hapa niruhusuni nikae kidogo Dwejra, kwenye kisiwa cha Gozo, nchi ya Malta, maana ndipo jibu langu la "rudi" lilipoanza kunilegea.

Palikuwa na tao la mawe ya chokaa, watu wakaliita Azure Window, dirisha la buluu. Kimo chake kilikuwa mita 28. Upande mmoja liliungana na jabali, upande wa pili lilisimama kwenye nguzo iliyotoka baharini, na juu palilala boriti kubwa ya jiwe, bapa, kama daraja. Kazi yote ilikuwa ya ile nguzo. Mawimbi yaliigonga mguuni mchana na usiku, na boriti ikawa inamegeka chini yake kidogo kidogo. Mwaka 2012 kipande kikubwa kilidondoka, dirisha likapanuka. Mwaka 2013 wataalamu walilitazama tao, wakaona litaendelea kumomonyoka, lakini hawakuona kwamba litatoweka karibuni. Watu walisikia sehemu ya pili ya sentensi.

Wakaendelea kupanda. Siku za jua, bahari imelala kama mafuta, walitembea juu ya boriti ile kwenda na kurudi, wengine wakiruka kutoka juu hadi majini, na kila kisigino kililegeza kokoto. Mbao za onyo zilikuwepo. Desemba 2016 serikali ikakataza kabisa kukanyaga juu, faini euro 1,500. Hata baada ya hapo watu walionekana juu yake. Naomba mlitazame hilo taratibu: nguzo imeshaliwa, kipande kimeshaanguka, onyo limeandikwa, faini imetangazwa, na mtu anatembea juu kwa sababu jua linawaka na rafiki ameshika simu.

Halafu ikaja tarehe 8 Machi 2017. Dhoruba kali, mawimbi yanapanda mpaka kifuani mwa nguzo. Asubuhi, kama saa tatu na dakika arobaini, nguzo ikaachia. Nguzo ikienda boriti haina pa kulala, ikaifuata. Tao likaisha, boriti na nguzo pamoja; leo wazamiaji wanateremka kuyaangalia mawe yake chini ya maji. Walioenda asubuhi ile kulitazama walikuta povu. Hakuna aliyeumia. Hakuna, kwa kuwa katika hali ya hewa kama ile hapakuwa na mtu aliyefikiria kupanda juu.

Nimekaa na jambo hilo tangu nianze kuandika barua hii. Dhoruba ndiyo iliyoangusha jiwe, lakini dhoruba hiyo hiyo ndiyo iliyowaondoa watu juu yake. Nguzo ingeweza kuachia Jumapili ya Julai saa nane mchana, kwa kuwa mwamba uliochoka hausubiri wimbi la mwisho liwe kubwa. Kwetu pia mteremko haushuki lazima mvua ikiwa inanyesha. Maji yanaingia kwenye ufa, yanakaa, yanalainisha, na ardhi inaondoka kesho yake watu wakiwa wameanika nguo.

Basi sasa sina uhakika tena na lile neno langu la kwanza. Upepo unamtisha mtu, na mtu aliyetishika anakaa mbali na mwisho. Jua halimtishi mtu. Mkinibana, nitasema ingia siku mbaya. Simama nyuma ya ukuta, tazama maji yakipanda juu badala ya kushuka, sikiliza wimbi likigonga na uhesabu mpaka mtikisiko ukufikie miguuni. Ukitaka ndege wale wenye midomo ya rangi, puffin, wako pale kati ya Aprili na Julai, na manyunyu hayawafukuzi.

Ila msichapishe "ingia" peke yake. Nasema hivyo kwa mapigo yasiyofika njano, na kwa sehemu yenye ukuta au uzio, si kwa njia ya miguu. Nasema kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 20 upepo humsukuma kwa nguvu ndogo kuliko mtu mzima, lakini uzito wake umepungua zaidi ya nguvu hiyo, na kushikwa mkono hakumwongezei uzito. Nasema kwa aliye juu. Chini, ufukweni kwenye mguu wa jabali, sishauri siku yoyote, kwa sababu mawe hudondoka bila kutazama kalenda, na wimbi kubwa linaweza kutoka kwenye dhoruba iliyo mbali sana huku juu yako kukiwa kweupe. Wala usikubali dereva wa basi akuamulie kwa kusema "dakika ishirini tu", maana mtu mwenye dakika ishirini hutafuta picha kwa njia fupi, na njia fupi inapita juu ya ukuta.

Na kama upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, yote niliyoandika kuanzia Dwejra yafuteni. Akae ndani kwenye jengo la wageni, anunue kadi yenye picha ya jabali, aitume Bukavu. Nyumbani hakuna atakayejua tofauti.

Msomaji wenu,
Muhumba, Bukavu