Swali la lugha: “ubao wa haraka” au “ubao wenye kasi”?

SWALI: Mimi ni fundi wa boti za faiba, Kilifi. Nimeombwa niandike kwa Kiswahili maelekezo ya ubao mfupi wa kuteleza mawimbini, wa kwenda mbio kwenye mawimbi ya aina ya Jeffreys Bay, Afrika Kusini. Nimeanza hivi: “Ubao wa haraka wa nukta ya kuvunja unahitaji reli ngumu nyuma, reli laini katikati, roka ndogo, na fini zilizopinda.” Mwenzangu anasema hii si lugha ya watu. Nirekebishe wapi?

JIBU: Mwenzako ana haki, ila kosa si la msamiati wote. Wewe ni mtu wa vyombo, na maneno unayoyahitaji unayasema kila siku karakana. Ulipoanza kuandika ndipo ukayaacha mlangoni.

Tuanze na “ubao wa haraka”. Barua ya haraka ni ile inayotakiwa ifike leo. Kikao cha haraka kimeitishwa ghafla. Kwa hiyo ubao wa haraka ni ule ambao mteja anausubiri nje huku rezini, ile gundi inayogandisha faiba, haijakauka. Haraka ni hali ya mtu mwenye pupa, nayo kasi ni mwendo wa kitu. Andika “ubao wenye kasi” au “ubao unaokwenda mbio”. Jahazi nalo husemwa linakwenda mbio, na hakuna anayelidhania lina miguu.

Usikimbilie “ubao mwepesi” pia. Neno hilo limebeba maana mbili, uzito mdogo na wepesi wa kugeuka, na hapa zinagongana. Jeffreys Bay, upepo mzuri ni ule wa kusini-magharibi unaotoka nchi kavu na kupanda usoni mwa wimbi. Ubao uliopunguzwa uzito kupita kiasi hutikiswa na upepo huo na kunyanyuliwa pale mpandaji anapotaka ushike maji. Kama unazungumzia kilo, sema “uzito mdogo”. Kama unazungumzia mwendo, sema “kasi”.

“Nukta ya kuvunja”, uliyoitafsiri neno kwa neno kutoka “point break” ya Kiingereza, ifute kabisa. Nukta huwekwa mwisho wa sentensi. Kinachozungumzwa ni rasi, ile ncha ya nchi iliyoingia baharini, na wimbi linaloanza kuvunjika kwenye ncha hiyo kisha likaendelea kuvunjika kufuata ufuo, kipande baada ya kipande. Hilo ni wimbi la rasi. Linalovunjikia mwambani ni wimbi la mwamba, na linalovunjikia fungu la mchanga ni wimbi la mchanga. Jeffreys Bay yenyewe iko Afrika Kusini, katika jimbo la Rasi ya Mashariki, na kipande chake maarufu, Supertubes, huvunjika mbele ya mpandaji kwa kasi kubwa kiasi kwamba ubao mzito wa mwendo huachwa nyuma. Ndiyo sababu ya kasi yote hii unayoitafuta. Ukitaja kwamba ni wimbi la kulia, ongeza “kwa mpandaji anayetazama pwani”, kwa maana aliyekaa ufuoni ataliona likienda kushoto.

Sasa vitenzi. “Kutengeneza ubao” kunaweza kueleweka kuwa ni kuuziba ulipopasuka. Watu wa pwani huunda jahazi, kwa kuwa huunganisha mbao, lakini huchonga mtumbwi, kwa kuwa huondoa kisichotakiwa. Ubao wako unatokana na bonge la povu lenye uti wa mbao katikati, unalipiga randa kisha msasa hadi umbo litokee. Huko ni kuchonga. Kazi ya kalamu na kiolezo ni kusanifu, na hatua ya mwisho ni kuvalisha faiba. Mteja akisema “umekosea kuchonga” na akisema “umekosea kusanifu”, hayo ni malalamiko mawili tofauti, na la pili haliponi kwa msasa.

Sehemu za ubao ziite kwa majina ya chombo. Mbele ni omo. Anaposimama mpandaji ni sitaha. Nyuma kwa haki ni tezi, jozi ya omo katika ile methali ya kwenda tezi na omo na marejeo ngamani, lakini msomaji wa bara akiona “tezi” atawaza hospitali. Kwa hiyo mimi ningeandika “mkia”, hasa kwa kuwa umbo lililokatwa panda tunaweza kuliita mkia wa mbayuwayu, na kila aliyewahi kumtazama ndege huyo akiruka atauona. Kwa wimbi la rasi linalokwenda mbio, unaofaa zaidi ni mkia wa mviringo uliochongoka kidogo, kwa sababu hushika maji kwenye pinduko refu bila kuteleza pembeni.

Penye kasoro kubwa zaidi ni “reli ngumu” na “reli laini”. Kwanza, reli ni ya treni, na chombo kina ubavu. Pili, ugumu na ulaini ni sifa za kinachoguswa. Fundi akisoma “ubavu laini” atachukua msasa mwembamba ausugue mpaka ung’ae, na “ubavu mgumu” ataongezea faiba. Kumbe unazungumzia umbo: je, upande wa chini unakutana na ubavu kwa pembe au kwa duara? Penye pembe sema “makali”, kama ya kisu. Penye duara sema “mviringo”. Tofauti hiyo ndiyo kasi yenyewe. Maji yakifika penye makali huachia na kubaki nyuma. Yakifika penye mviringo hung’ang’ania ubavu, yakapanda juu na kuuvuta ubao. Kwa hiyo mkiani unataka makali, na katikati unataka mviringo, kwa sababu makali yakisogezwa mbele mno hunasa majini na kumtupa mtu.

Na makali haya hupotea kwenye kuvalisha, kwa kuwa kitambaa cha faiba hakikubali kukunjwa kwenye pembe kali. Kwanza unakivalisha juu ya ukingo uliozungushwa kidogo. Baadaye unabandika utepe ubavuni, unajaza rezini nyuma ya utepe, na ikishakauka unapiga msasa upande wa chini peke yake. Ukisugua na ubavuni, umerudi kwenye mviringo.

“Roka” haina haja. Ukiweka rula ndefu katikati ya ubao upande wa chini, utaona omo na mkia vimenyanyuka. Sema “mnyanyuko wa omo” na “mnyanyuko wa mkia”. Mkia ukinyanyuka mno, ubao unasukuma maji badala ya kupita juu yake. Omo ikikosa mnyanyuko, itachoma maji mpandaji anaposhuka. Bonde la upande wa chini liite mbonyeo, neno lile lile la lenzi darasani.

“Fini” ni mapezi. Usiyaite usukani, kwa kuwa usukani huzungushwa na haya yamegandishwa. Wala si mkuku, ambao ni mti unaobeba chombo kizima. “Yaliyopinda” nayo itakuponza: pezi lililopinda ni la kutupa. Kuna mambo mawili hapa. Mapezi ya mbele huelekea ndani, yaani ncha zake za mbele zimeusogelea mstari wa kati, na pia huinamia nje. Kadiri yanavyoelekea ndani ndivyo ubao unavyogeuka kwa urahisi na kupoteza mwendo. Mpango wa mapezi matatu alioutoa Simon Anderson wa Australia mwaka 1980 ndio unaotumika zaidi, na unatosha kuitwa “mapezi matatu”.

Sentensi yako ningeiandika upya hivi:

“Ubao mfupi wenye kasi, wa wimbi la rasi. Urefu futi 6 na inchi 1, upana inchi 18 na robo tatu, unene inchi 2 na thumuni tatu. Mnyanyuko wa omo karibu inchi 5, wa mkia inchi 2 na thumuni moja. Mbonyeo wa robo inchi katikati. Ubavu uwe wa mviringo kutoka omo, kisha upigwe makali kuanzia inchi 18 kabla ya mwisho wa mkia. Mapezi matatu: mwisho wa pezi la nyuma uwe inchi 3 na nusu kutoka mkiani, wa mapezi ya mbele inchi 11. Ya mbele yaelekee ndani kwa thumuni moja tu badala ya robo inchi ya kawaida, na yainamie nje digrii 6. La nyuma lisimame wima.”

Thumuni ni sehemu moja ya nane. Kwa wanaoikumbuka kama sarafu ya senti 50, weka tarakimu pembeni, 1/8, ili fundi asije akauliza bei.